Bendera ya Saa Nne na Robo Tatu

Fundi hakutumia uzi wa fulana. Alivuta droo ya chini, akatoa uzi wa nailoni, ule mnene wa kushonea mikanda ya mabegi ya shule, akabadilisha na sindano kabisa. Mbele yake juu ya meza ya cherehani ilikuwa fulana ya wifi yake, ya zambarau, na kando ya fulana bendera ndogo ya manjano kwenye fimbo nyembamba ya plastiki. Bendera iliandikwa kwa tarakimu nene: 4:45.

"Wifi, usinifanyie makubwa," alisema mwenye fulana. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni anajipepea na karatasi ya kukatia ruwaza. "Nibanie tu na pini mbili hapo mgongoni. Nikiichoka naichomoa, naitupa pembeni, basi."

"Pini zinachubua ngozi," fundi akajibu bila kuinua macho. "Niachie mimi."

"Haya, fundi wangu. Wewe hata jua ungelishona mahali pake lisitembee."

Wakacheka wote wawili. Wifi alicheka kwa sauti, fundi alicheka kwa meno tu. Cherehani ikalia, ikaenda mbele, ikarudi, ikaenda mbele tena.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya mbio ndefu za mjini, bendera ile ni kazi ya heshima. Watu elfu kadhaa wanakimbia kilomita arobaini na mbili, na wengi hawajui waende kwa mwendo gani. Basi huteuliwa watu wenye miguu ya kuaminika, kila mmoja anabebeshwa bendera yenye muda wake. Anayetaka kumaliza kwa saa nne na robo tatu anamtafuta mwenye bendera hiyo, anamganda nyuma kama kupe, na hana haja ya kuangalia saa tena. Mbeba bendera akienda ovyo, amewapoteza wote.

Na wifi yake fundi aliteuliwa kwa sababu ya muda wa saa nne na dakika ishirini na mbili, muda ambao hakuukimbia yeye.

Mwaka uliotangulia wifi hawa wawili walikimbia pamoja kwa mara ya kwanza. Wifi alikuwa mpokezi kwenye kliniki, na kliniki iliwapa wafanyakazi na jamaa zao fulana za zambarau, zote za kufanana. Fundi naye hapendi pini. Kwake yeye pini ni kazi iliyoachwa njiani. Kwa hiyo siku moja kabla ya mbio alizishona namba zote mbili vifuani mwa fulana, nyuzi ndogondogo, nadhifu. Wifi alikuwa palepale kwenye kigoda, anamwigiza daktari mpya jinsi anavyoogopa sindano, na fundi alicheka mpaka machozi. Mazungumzo yakanoga, mkono ukaenda wenyewe. Namba ya wifi ikashonwa kwenye fulana kubwa, ambayo ni ya fundi. Namba ya fundi ikakaa kwenye fulana ndogo.

Asubuhi kila mtu alivaa ya kimo chake wakaondoka. Nani anaikariri namba ya tarakimu tano? Na nyuma ya namba kimegandishwa kidude cha kuhesabu muda. Kidude hakijui sura ya mtu. Kinajua namba tu.

Fundi alikimbia siku ile kama aliyefunguliwa. Miaka ishirini ya kukanyaga kibao cha cherehani ilikuwa imemjengea miguu bila mwenyewe kujua. Alimaliza kwa saa nne na dakika ishirini na mbili. Akakaa kwenye ukingo wa barabara, chumvi imemkauka usoni, akamsubiri wifi yake kwa zaidi ya saa mbili, akampokea kwa maji, akamsaidia kuvua viatu. Wifi alimaliza kwa saa sita na dakika thelathini na moja, analia.

Simu zao walikuwa wameziacha nyumbani kwa mama mkwe. Wa kwanza kupata habari akawa mama mkwe. Ujumbe uliingia kwenye simu ya binti yake: hongera, umemaliza kwa saa nne na dakika ishirini na mbili. Kikongwe akapiga vigelegele mpaka mtaa wa pili. Walipofika, sebule imejaa majirani.

"Binti yangu huyo! Miguu ya baba yake hiyo!"

Wifi alifungua mdomo. Fundi alimwona kabisa akiufungua. Kisha akamwona akiufunga, akatabasamu.

"Mama, namba zilichanganyika," fundi akasema. "Ule muda ni wangu. Nilikosea kushona."

Wifi akacheka kile kicheko chake cha kuambukiza. "Jamani, wifi ana wivu! Mimi nimekaa pale saa mbili nzima namngoja afike, na maji nimempa, leo hii muda ni wake!"

Sebule nzima ikacheka. Mama mkwe akacheka mpaka akashika mbavu. Dakika hiyohiyo simu ya fundi ikalia kwenye kabati, ujumbe ukasomwa kwa sauti: saa sita na dakika thelathini na moja. Kikacheka mpaka kiti. Kuanzia jioni ile mtaani wakamwita wifi Bi Kasi, na fundi wakamwita Konokono.

Kosa la sindano lilikuwa la fundi, na hakuwahi kulikana. Lakini zile saa mbili za kungoja, yale maji aliyoyashika yeye kwa mikono yake, hayo ndiyo yaliyomkaa kooni. Mumewe alimwambia, "Mezea tu, mama watoto, ni dada yangu, ndivyo alivyo." Hakumeza. Mwaka mzima wateja waliokuja kupimwa sare waliuliza, "Konokono, zitakuwa tayari lini, au mpaka watoto wamalize shule?" Alicheka nao na kuwapima kiuno. Akajua kitu kimoja: akisema yeye, ni wivu. Neno lile lazima litoke kwenye mdomo uleule uliolifunga. Ndicho alichokitaka, hakutaka kingine. Wifi aseme mbele ya watu kwamba muda ule si wake.

Basi Mwalimu wa mazoezi, aliyekuwa kiongozi wa kikundi chao cha mbio, alipotangaza kwamba Bi Kasi atabeba bendera ya saa nne na robo tatu, wanakikundi walipiga makofi, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote alikuwa fundi.

"Nimekwisha, wifi," Bi Kasi alimnong'oneza walipokuwa wakirudi. Maana wao wawili wakiwa peke yao hawakudanganyana, na hilo nalo lilimchoma fundi. "Kile kibendera sikiwezi. Lakini nimeshapanga. Kilomita ya kumi goti linaniuma, naikabidhi bendera kwa watu wa huduma ya kwanza, napanda gari lao. Nani atamlaumu mgonjwa?"

"Pole mapema," fundi akasema.

Ndiyo maana siku ile alichagua uzi wa mabegi. Mfuko wa kuingizia fimbo, mgongoni mwa fulana, aliushona kwa kurudia mara tatu. Wifi alipoaga, fundi akamalizia kwa mkono: akaufunga mfuko juu na fimbo ikiwa ndani, kisha akaishona pembe ya chini ya bendera kwenye bega la fulana, ili hata fimbo ikivunjika kitambaa kisiende popote. Namba akaishona kifuani, ya wifi mwenyewe safari hii, akaisoma mara nne. Akaipa fulana mvuto mmoja wa mikono miwili. Haukulalamika hata uzi mmoja.

Siku ya mbio, alfajiri, barabara kuu ilikuwa imefungwa na kujaa watu kama maharage kwenye gunia. Harufu ya dawa ya kuchua ilisimama hewani. Mistari ya vyooni ilikuwa mirefu kuliko subira za watu, wanaume wakaamua kuugeukia ukuta wa shule na kuwapa watu mgongo wa heshima. Mtu anajipaka mafuta ya mgando kwapani, mwingine anafunga kamba za viatu mara ya sita. Bendera zilisimama juu ya vichwa, na chini ya ile ya manjano watu wasiopungua hamsini wakajikusanya.

"Dada, utatufikisha?" akauliza bwana mmoja mwenye kofia ya kijani, mnene wa wastani, mcheshi. "Mimi nimemwahidi mke wangu saa nne na robo tatu. Nikichelewa atakula yeye na wageni."

"Utafika tu, kaka," wifi akasema. Sauti ilikuwa nyembamba.

Akageuka, akamwona fundi nyuma yake kabisa, karibu mpaka pumzi zinagusana.

"Wewe si unakwenda mbele? Wenzako wa saa nne wako kule."

"Nani, mimi Konokono? Nakaa na bendera yako, wifi. Nakuamini."

Baragumu la umeme likalia, miguu ikaanza.

Kilomita za kwanza zilikwenda vizuri. Wifi hakuwa mtu wa kulala mwaka ule, maana jina la Bi Kasi lilikuwa limemlazimisha mazoezi, asije akaumbuka mbele ya kikundi. Alishika mwendo wa dakika saba kasoro kidogo kila kilomita, na watu hamsini wakashika mwendo huo nyuma yake, viatu vikilia pamoja, pa-pa-pa-pa. Fundi alikuwa bega kwa bega naye. Miguu yake ilikuwa inaomba kwenda, anaizuia.

Kwenye bango la kilomita ya kumi wifi akaanza kuchechemea.

"Aah! Goti! Goti jamani!"

"Pole dada," watu wakasema, wakapunguza mwendo wote, maana bendera imepunguza.

Wifi akasogea kando, kwenye hema la huduma ya kwanza, akapeleka mkono mgongoni kuchomoa fimbo. Haikutoka. Akavuta. Akavuta kwa mikono miwili, amejipinda kama anayekuna asipofika. Fimbo ikakatika, paa! Akabaki na kipande cha juu mkononi, na bendera ikachomoka kwenye fimbo, ikaanguka kwenye bega lake, ikaning'inia mgongoni wazi kabisa, 4:45, kila mtu anaisoma.

"Wifi," akasema polepole. "Umeshona na nini?"

"Uzi."

"Uzi gani?"

"Wa mabegi ya shule. Mtoto anauburuta mwaka mzima na haukatiki."

"Nifumulie."

"Kwa meno? Sikubeba wembe."

Muuguzi wa hema alikuwa keshalishika goti, anabonyeza huku na huku. "Hapa? Hapa je? Halina kitu hili goti, dada. Ni hofu tu. Na mkasi wangu ni wa bendeji, si wa bendera. Kunywa maji uendelee."

"Endelea dada!" wakapiga kelele wale hamsini. "Tuko na wewe! Ben-de-ra! Ben-de-ra!"

Fulana angeweza kuivua, lakini namba iko juu yake, na ndani alivaa sidiria ya mazoezi peke yake, na pembeni ya hema walisimama wafanyakazi watatu wa kliniki yake wakiwa na simu juu, wanampiga picha. Wifi akarudi barabarani.

Walipokwenda hatua mia moja hivi, akazungumza bila kugeuza shingo.

"Unataka nini?"

"Sema."

"Niseme nini?"

"Unajua. Sema ule muda ulikuwa wa nani. Waambie hawa. Ukisema, watamtafuta mbeba bendera mwingine, na wewe utatembea upendavyo."

"Aliyekosea kushona ni nani? Si wewe?"

"Ni mimi. Na aliyenyamaza?"

Wifi akakaza mwendo, na fundi akakaza. Akapunguza, na fundi akapunguza.

Nusu ya safari waliivuka wakiwa wamechelewa dakika mbili tu. Hapo ndipo barabara inapopanda kuelekea hospitali kuu, mlima si mkali, ni mrefu tu, mrefu wa kuudhi. Vikombe vya karatasi vililowa chini na kuteleza. Jua lilikuwa limetoka kabisa, linagonga utosini. Wifi akaanza kuvuta pumzi kwa mdomo.

"Dada wa bendera," akaita Kofia ya Kijani, anatazama saa yake, "hii kilomita imekuwa dakika nane."

"Ni mlima, kaka."

"Mlima umeisha tangu kule kwenye duka la dawa."

"Labda bendera yake imeshonwa kinyume," akasema mwingine nyuma. "Ni saa tano na dakika arobaini na nne."

Wakacheka. Fundi alicheka nao, na mara hii kilikuwa kicheko cha tumboni. Alikisubiri mwaka mzima. Alitaka kila mmoja autazame mgongo ule, na bendera ile inayopigapiga kama mkia, na ajue. Kila kicheko alikipokea kama mtu aliyepewa maji.

Kilomita ya ishirini na tano wakaanza kuondoka. Mmoja akapita kushoto, watatu wakapita kulia. "Samahani dada." "Usijali dada, sisi tunatangulia." Wengine hawakuomba samahani. Mama mmoja mwenye miwani alisema wazi, "Kama huwezi, kwa nini ulikubali?" Kofia ya Kijani alikuwa wa mwisho wa wale wacheshi.

"Dada, mimi nilikuamini," akasema. Hakuwa anatania tena. "Nikimpigia mke wangu sasa sijui nimwambie nini." Akawapita, na mgongo wake mpana ukapotea mbele.

Wakabaki wawili.

Hapa fundi alikuwa na nafasi. Mapafu yake yalikuwa mazima, miguu mipya. Kilomita kumi na saba zimebaki. Angewaka pale angemaliza kwa muda wa kumfanya mtu yeyote asimwite tena Konokono, na muda huo ungeandikwa kwa jina lake mwenyewe bila kubishaniwa. Aliliona wazo hilo likipita kama unavyoliona gari unalolijua likipita bila kusimama. Halafu akautazama mgongo wa wifi yake, na akabaki.

"Nenda zako," wifi akasema. "Umeshawaona wamecheka. Umeridhika. Nenda."

"Bado."

"Unajiharibia na wewe, mjinga."

"Ni mbio zangu. Nimezilipia kwa jasho langu la mwaka jana."

Kilomita ya thelathini na tatu wifi alikaa chini. Alikaa tu, kama mtu aliyesahau anakwenda wapi, kwenye ngazi za ofisi iliyofungwa, akaweka kichwa magotini. Midomo ilikuwa imepasuka. Fundi naye akakaa, ngazi moja juu yake, akaanza kunyoosha soksi taratibu kabisa.

"Pumzika, wifi. Mimi sina haraka. Nilikungoja saa mbili mwaka jana, au umesahau? Samahani, nimekosea. Wewe ndiye uliyeningoja. Na maji ukanipa."

Wifi akainua kichwa. Macho yalikuwa mekundu. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri alimtazama fundi moja kwa moja.

"Unajua kwa nini nilinyamaza?"

"Sema."

"Kwa sababu mama hajawahi kunipigia vigelegele. Hata siku moja. Mitihani, kazi, harusi yangu iliyovunjika, hata siku moja. Nimeingia mlangoni pale, natembea kama bata, namkuta mama yangu anapiga vigelegele kwa ajili yangu. Wewe ungesema?"

Fundi alifikiri. Alikuwa mwanamke wa haki, na swali lilikuwa swali.

"Ningesema kesho yake," akajibu.

Wifi akasonya. Akasimama kwa kushika ukuta. "Basi bakia hapo na kesho yako. Nitamaliza mbele yako leo. Kwa miguu yangu hii. Na husikii neno kutoka kwangu mpaka unakufa."

Akaondoka. Na jamani, aliondoka kweli. Hasira ilimwingia miguuni kama mafuta kwenye taa. Fundi alipoinuka, misuli ilikuwa imepoa, paja la kulia likakaza kama kamba iliyokaushwa juani. Kumbe kukaa chini kunamdhuru mzima kuliko mchovu. Akaanza kuchechemea yeye, na lake halikuwa goti la kusingizia.

Kilomita tisa za mwisho zilikuwa vita. Bendera ya manjano mbele, fundi nyuma, mara hatua ishirini, mara hatua tano. Watu pembeni hawakujua wanachokiona. "Hongereni mama zetu! Mnapendana! Mnavutana!" Mmoja aliwarushia vipande vya chungwa, wakavidaka bila kusimama, wakavitafuna huku wakitazamana kwa pembe za macho. Darajani fundi alimfikia. Kwenye kona ya benki wifi akamwacha tena. Uwanjani, mita mia mbili za mwisho, walikimbia kama vichaa, viwiko vinagongana, wote wanatoa sauti ambazo si za watu wazima, na walivuka mstari wamegandana hivyo hivyo.

Juu ya lango saa kubwa ilisema saa tano na dakika kumi na mbili.

Wifi aliiangalia. Akaiangalia tena. Akashika kichwa.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye kamba na mwavuli wake, amekuja mwenyewe mwaka huu kuiona bendera ya binti yake. Kando yake alisimama Mwalimu wa mazoezi, uso umemkunjamana, maana Kofia ya Kijani alikuwa ameshafika na kushitaki.

"Mama!" wifi akapiga kelele, anarukaruka kwa miguu isiyonyanyuka. "Mama, umeona? Tano na kumi na mbili! Nimepunguza saa nzima na zaidi! Mwaka jana nilikuwa saa sita na nusu, mama, sita na nusu, na leo tano na kumi na..."

Akasimama. Mkono ukaenda mdomoni, lakini ulichelewa.

"Sita?" akasema mama mkwe. "Si ulikuwa nne?"

"Sita na nusu?" akasema Mwalimu. "Na mimi nikakupa bendera ya nne na robo tatu?"

Fundi alishika kamba kwa mikono miwili ili asianguke. Neno lake lilikuwa pale, liko nje, ameliangalia njia mwaka mzima. Alikuwa amelichora kichwani likitoka kwa aibu, kwa machozi, wifi amepiga magoti. Likatoka kwa majivuno. Lilimponyoka mtu aliyefurahi mno.

"Rudia," akasema. "Sema yote."

Wifi akamtazama mama yake, kisha Mwalimu, kisha fundi. "Ule wa nne ulikuwa wa wifi," akasema. "Namba zilibadilishana. Yeye ndiye aliyeningoja."

Mama mkwe akamgeukia fundi. "Na wewe mwaka mzima umenyamaza, mwanangu?"

"Sikunyamaza, mama. Nilisema siku ileile, sebuleni kwako. Mlicheka."

Kikongwe akafunga mwavuli wake, akaufungua, akaufunga tena. Mwalimu akakohoa, akaanza kusema kwamba jambo hili litafikishwa kwenye kikao cha kikundi, na bendera irudishwe, na hakuna aliyemsikiliza.

Maana wakati huo ujumbe ulikuwa umeingia kwenye simu zote mbili, ambazo safari hii zilikuwa mkobani mwa mama mkwe. Wifi akazitoa, akasoma ya kwake, akasoma ya fundi. Midomo iliyopasuka ikajikunja pembeni. Alikuwa amevuliwa jina la Bi Kasi mbele ya mama yake, na bado ikajikunja.

"Wifi," akasema. "Umenishona, umenifanya kichekesho kwa watu, umenitoa neno. Haya, limetoka, chukua. Lakini leo namba zilikuwa sahihi, sivyo? Ulizisoma mwenyewe."

"Mara nne."

"Mimi tano, kumi na mbili, na sekunde saba. Wewe tano, kumi na mbili, na sekunde tisa." Akamkabidhi simu yake mkononi, taratibu, kama anayerudisha chenji. "Sekunde mbili. Hilo nalo limeandikwa."

Fundi akaisoma. Akaisoma mara ya pili. Damu, aliyodhani imetulia, ikaanza kupanda tena kutoka vidoleni, ikapita kwenye lile paja lililokaza, ikafika masikioni. Mkoba wa mama mkwe ulikuwa wazi, na humo akaona kalamu. Akaichukua, akaushika mkono wa wifi yake, na juu ya kiganja kilicholowa jasho akaandika tarehe ya Jumapili ya tatu kutoka pale, na saa kumi na mbili asubuhi.

"Barabara ileile," akasema. "Bila namba, bila bendera."

Wifi akakitazama kiganja. "Mama ashike saa," akajibu.

"Mimi simo!" mama mkwe akasema. Lakini tayari alikuwa anauliza ile saa ya kubonyeza inapatikana wapi.